Mwanafunzi Mpweke Darasani: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Dhana: Mpweke hujulikana kwa kuketi peke yake.

Dhana hii huwapotosha wengi, walimu wakiwemo. Upweke si kukosa watu. Ni kukosa ukaribu ambao mtu anauhitaji. Ndiyo maana anayesoma riwaya chini ya mti wakati wa mapumziko anaweza kuwa ametosheka kabisa, ilhali yule anayelichekesha darasa zima hana hata mmoja wa kumwambia kwamba nyumbani kodi ya nyumba haijalipwa. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani iliyotolewa Juni 2025 ilisema kwamba mtu 1 kati ya 6 duniani huathiriwa na upweke, na kwamba miongoni mwa vijana wa miaka 13 hadi 29, kati ya asilimia 17 na 21 walikiri kuuhisi. Kadirio hilo likichukuliwa katika darasa la wanafunzi 50, ni wanane hadi kumi, na si rahisi kuwatambua wote kwa macho.

Dhana: Ukimwendea atadhani unamwonea huruma, au atakukataa.

Hofu hii inaeleweka, ila ushahidi unaipinga. Mwaka 2018, watafiti wakiongozwa na Erica Boothby walionyesha katika jarida la Psychological Science kwamba watu wasiojuana wakizungumza kwa mara ya kwanza, kila mmoja kwa kawaida hudhani amependwa kidogo kuliko alivyopendwa kwa kweli. Basi anayetaka kusalimia hujizuia, naye anayengoja kusalimiwa huuchukua ukimya huo kuwa ni kukataliwa.

Kinachoweza kuumiza ni namna ya kumwendea. Kumuuliza mbele ya wenzake kwa nini hukaa peke yake ni kumweka kizimbani. Kumuuliza amelipataje jibu la swali la tatu la hesabu ni kumpa nafasi ya kusaidia badala ya kusaidiwa. Chukua mfano wa mwanafunzi aliyehamia mtaa wa Umoja jijini Nairobi kutoka Kitui katikati ya muhula. Wenzake wanaongea Sheng asiyoifahamu, na siku ya kwanza alipojibu kwa lafudhi ya kwao walimcheka, hivyo tangu hapo hafungui kinywa ila mwalimu amtaje. Jirani yake wa dawati anayemweleza kwa sauti ya chini kilichowachekesha wenzake, naye asicheke, amemfaa kuliko hotuba nzima ya gwaride la asubuhi kuhusu upendo.

Dhana: Ni lazima uwe rafiki yake wa kufa na kuzikana.

Hakuna anayedai hivyo. Katika shule za umma zinazohudumiwa na Dishi na County, mpango wa chakula ulioanzishwa na Kaunti ya Nairobi mwaka 2023, mtoto hugusisha mkanda wake wa mkononi kwenye kifaa, akapakuliwa chakula, kisha akabaki ameshika sahani akitafuta pa kukaa. Dakika hiyo ni ndefu sana kwa asiye na mwenyeji. "Sogea hapa" humtosha, mradi kesho yake aambiwe tena, kwa kuwa wema wa siku moja unaokatika ghafla unaweza kumchoma kuliko kutokaribishwa kabisa. (Na anayerekodi ukarimu wake ili auweke mtandaoni afadhali angeendelea kula.)

Dhana: Wema wa wanafunzi unatosha.

Hautoshi. Mwenzako akizungumzia kujidhuru, au akieleza kwamba anapigwa au kudhulumiwa nyumbani, usimwahidi kuificha siri hiyo. Mwambie kwamba utatafuta mtu mzima wa kusaidia, kisha umwone mwalimu wa ushauri nasaha au mzazi unayemwamini. Ipo pia nambari 116, laini ya kuwasaidia watoto nchini Kenya, ambayo kuipiga ni bure, na anayepiga anaweza kuwa ni wewe kwa niaba ya mwenzako.