Mbwa Anayenyonyesha Akitetemeka, Usikimbilie Fimbo

Mbwa wadogo wa kizungu, kina Chihuahua na Maltese, wanafugwa katika baadhi ya nyumba zetu za mjini na kwenye hoteli za pwani. Anayewalisha na kushinda nao mara nyingi ni mlinzi au mfanyakazi wa nyumbani, kwa hiyo nazungumza na nyinyi kwanza.

Mbwa wa kimo hicho akizaa watoto wengi, mchungeni sana kuanzia wiki ya pili hadi ya nne. Maziwa huondoa kalsiamu mwilini haraka kuliko mwili unavyowahi kuirudisha. Kalsiamu ya damu ikishuka, mbwa hatulii, anahema mdomo wazi hata kivulini, anajikuna uso, anawakimbia wanawe. Baadaye miguu inakakamaa, anatetemeka, mate yanamtoka, kisha anaanguka kwa degedege. Joto lake linaweza kupita nyuzi 41, na asipotibiwa anaweza kufa siku hiyo hiyo.

Hapo ndipo wengine husema ana kichaa, wakachukua fimbo. Inaniuma sana, maana huyu ni mzazi mgonjwa anayetibika. Kichaa cha mbwa ni cha kuogopwa kweli, basi msimtie mkono kinywani, na akimng'ata mtu, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali. Lakini mwiteni daktari wa mifugo kabla ya kumhukumu.

Mkimngoja, waondoeni watoto na mama awekwe penye ubaridi na kimya. Asimiminiwe maziwa wala maji mdomoni, yatamwingia mapafuni. Daktari atampa kalsiamu glukoneti kwenye mshipa, polepole, huku akiusikiliza moyo, kwani ikiingia kwa haraka moyo unaweza kusimama. Sindano hii haijaribiwi nyumbani hata siku moja. Mara nyingi mtetemeko hutulia mbele ya macho yenu, na watu hufurahi wakawarudisha watoto kunyonya jioni ile ile. Msifanye hivyo. Wakae mbali na mama kwa muda wa saa 12 hadi 24, wapewe kwa chupa maziwa maalumu ya watoto wa mbwa. Waliokwisha kufikia wiki 3 au 4 waanze kuachishwa. Mama ataendelea na vidonge vya kalsiamu kwa kipimo cha daktari.

Kinga ya ugonjwa huu huwashangaza wengi: mbwa mwenye mimba asipewe vidonge vya kalsiamu. Shingoni mna tezi ndogo zinazouamrisha mwili kuitoa kalsiamu mifupani. Ikiletwa kwa wingi kutoka nje, tezi hizo hulegea, na maziwa yakianza kutoka hazizinduki kwa wakati. Anachohitaji ni chakula kamili, hasa kile cha watoto wa mbwa, tangu wiki za mwisho za mimba hadi aachishe.

Wali na maini, au nyama tupu, havitoshi. Vina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo, na watoto wanaokuzwa hivyo hupinda miguu. Dagaa wazima wana kalsiamu mifupani mwao, ila wa pwani mara nyingi huchemshwa kwa maji ya chumvi kabla ya kuanikwa. Waroweke, umwage maji, ndipo uwapike.

Aliyewahi kuugua hivi anaweza kuugua tena uzazi unaofuata, kwa hiyo daktari aambiwe kabla hajapandishwa.