Hosteli au geto la kupanga mtaani: yanayosemwa Dodoma na yalivyo

Kila masomo yanapofunguliwa, mabasi hushusha watoto wa mwaka wa kwanza wa chuo pale stendi ya Nanenane, kila mmoja na begi, ndoo na maneno aliyojazwa na waliomtangulia. Mengine ni kweli. Haya siyo.

"Dodoma joto, blanketi la nini?" Mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Subiri Juni na Julai, upepo ukishaanza. Utalala na koti.

"Tumepangiwa UDOM wote, tutakaa chumba kimoja." Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanza 2007, kimetandazwa kwenye eneo kubwa mashariki mwa mji, na kila ndaki ina mabweni yake. Wewe wa Elimu na rafiki yako wa kompyuta mtatembeleana kwa daladala.

"Wadeni anakamata heta kwa ubahili wa umeme." Wadeni ndiye msimamizi wa hosteli, na hili nilikuwa naliamini mimi mwenyewe. Soketi ya kawaida ni ya ampea 13, yaani karibu wati 3,000 kwa umeme wetu wa volti 230. Sasa chukua chumba cha watu wanne asubuhi yenye kipindi kinachoanza saa moja: mmoja kachovya heta kwenye ndoo, wa pili anapiga pasi, wa tatu kawasha jiko la koili akaange mayai, na vyote vimechomekwa kwenye ekstenshen moja ya bei chee. Hapo wati 3,000 zinavukwa bila mtu kujua. Ya kwetu haikuripuka wala kutoa cheche. Ililainika tu kimyakimya chini ya kitanda, ikagandana na kapeti. Tulistuka kwa harufu.

"Kubebana ni kusaidiana." Kumlaza kitandani kwako mwenzio asiye na chumba ni kusaidiana, sikatai. Ila jina lililoandikwa kwenye kitanda ni lako, na msako ukipita mwenye kesi ni wewe, siyo uliyembeba.

"Geto ni nafuu kuliko hosteli." Kodi ya mwezi ukiitazama peke yake, labda. Lakini wenye nyumba wengi wa Ng'ong'ona na Makulu hawataki ya mwezi. Wanataka miezi mitatu au sita kwa mpigo, wakati bumu, yaani mkopo wa serikali, la chakula na malazi hupigiwa hesabu ya shilingi 10,000 kwa siku na huingia kwa awamu.

Halafu kuna LUKU, umeme wa kulipia kabla ya kutumia. Ile bei ya shilingi 100 kwa uniti ni ya mteja mdogo wa nyumbani, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi. Vyumba sita mkichangia mita moja, hizo mnazimaliza mapema, na bei ya juu yake ni zaidi ya mara mbili.

Na juu ya hapo kodi ya jengo: kwa nyumba ya kawaida isiyo ghorofa, shilingi 1,500 kila mwezi, hukatwa kwenye manunuzi ya kwanza ya LUKU. Kisheria ni mzigo wa mwenye nyumba. Kwetu ulikuwa wa yeyote aliyeshindwa kuvumilia giza. Uniti zikiisha mwanzoni mwa mwezi tunaviziana, kila mtu simu imezima, kila mtu "sina hata mia". Rekodi yetu ni siku mbili, mpaka jamaa wa chumba cha kona alipokumbuka ana testi kesho yake.