Faili Usilotaka Kulifungua: Hofu Iliyojificha Ndani ya "Nitaanza Kesho"

Kijana alikuwa ameipakata kompyuta yake na hakutaka kuifungua. Tulizungumza habari za kwao, bei ya nauli, mpira, mpaka nikamwomba anioneshe tu faili la tasnifu. Lilikuwa limeguswa mara ya mwisho miezi tisa nyuma. Kwenye barua pepe, maoni ya msimamizi wake kuhusu sura ya pili yalikuwa bado hayajasomwa. (Nimebadilisha mambo kadhaa ili asitambulike. Wenye kisa kama chake ni wengi, huenda kila mmoja akadhani nimemsema yeye.)

"Mimi ni mvivu tu, mwalimu," akasema.

Nikamuuliza: siku uliyopanga kuandika, ulifanya nini? Alifua mapazia ya chumba wanachokaa wanne. Akapanga viatu. Jioni akaenda kumsaidia rafiki kuchapa ripoti yake ya mafunzo kwa vitendo, wakakesha. Na kwa miezi yote hiyo amekuwa akizungukia nyuma ya maktaba asije akapita kwenye ofisi ya msimamizi.

Mvivu hafui mapazia ya watu wanne.

Katika kazi hii ya ushauri nasaha chuoni, neno "uvivu" huletwa mlangoni kila wiki, na mara nyingi ukilifunua kidogo unakuta hofu. Ni muhimu kutofautisha, kwa sababu mvivu ukimsukuma huenda akaamka, lakini mwenye hofu ukimsukuma anakimbia mbali zaidi.

Jinsi inavyotokea ni hivi. Kazi fulani inakukumbusha kwamba unaweza kuonekana hujui. Kabla hujafikiri lolote tumbo limeshakaza na mkono umeshafika kwenye simu. Unaiweka kazi kando, na papo hapo unapumua. Nafuu hiyo ndiyo inayotufundisha kurudia. Wanasaikolojia Fuschia Sirois na Timothy Pychyl waliandika mwaka 2013 kwamba anayeahirisha anatuliza hisia zake za sasa, na gharama anamwachia yule atakayekuwa yeye kesho. Mimi huwaambia wanafunzi kwamba ni mkopo wa kausha damu: unaupata upesi, huulizwi maswali, halafu marejesho yanaanza. Kijana wetu alianza kwa kuogopa sura ya pili. Mwezi ulipopita ikaongezeka aibu ya kukaa kimya mwezi mzima. Alipofika kwangu, tasnifu yenyewe haikuwa ikimtisha sana tena. Aliogopa swali moja tu la msimamizi: "Ulikuwa wapi?"

Niseme pia kwamba si kila anayeahirisha anaogopa. Laura Solomon na Esther Rothblum, waliowachunguza wanafunzi Marekani na kuchapisha matokeo yao mwaka 1984, walikuta sababu zinajikusanya katika mafungu mawili makubwa: hofu ya kushindwa, na kuichukia kazi yenyewe. Kama unaahirisha kuosha sufuria la ugali, huhitaji mshauri. Loweka.

Hofu yenyewe ina sura ya ajabu ambayo watu hawaitegemei. Mwaka 1978 wanasaikolojia Steven Berglas na Edward Jones waliwapa baadhi ya wanafunzi maswali yasiyo na jibu, kisha wakawaambia wamefanya vizuri sana. Kabla ya duru ya pili wakawapa nafasi ya kuchagua kati ya dawa mbili: moja waliambiwa inanoa akili, nyingine inaivuruga. Wengi wa waliosifiwa bila kujua walifauluje, hasa wanaume, walichagua ya kuvuruga. Wakishindwa, lawama itaiangukia dawa. Kuahirisha hufanya kazi hiyohiyo. Ukiandika kwa usiku mmoja ukapata alama ya chini, utasema, "Ningepata muda ungeona." Aliyeandika miezi mitatu hana pa kujificha, amepimwa yeye mwenyewe. Ndiyo maana waliozoea kusifiwa tangu shule ya msingi, wale tunaowaita vipanga, huja kwangu wakiwa wamekwama vibaya kuliko wenzao.

Kwetu mzigo huo una uzito wa ziada. Kijana anasoma kwa shamba lililouzwa. Ndugu wameshaanza kumwita Mhandisi na bado hajakusanya mradi wake. Kila simu ya nyumbani inaishia na "unamaliza lini?" Wazazi, swali hilo mnaliuliza kwa upendo, najua. Yeye analisikia kama mdai yuko mlangoni. Muulize badala yake amefikia wapi, na akikuambia, usimkatize.

Kujilaumu nako hakusaidii. Mwaka 2010 Pychyl na wenzake wa Chuo Kikuu cha Carleton, Kanada, waliwafuatilia wanafunzi 119 wa mwaka wa kwanza. Walioweza kujisamehe kwa kuchelewa kujiandaa na mtihani wa kwanza waliahirisha kidogo zaidi maandalizi ya mtihani uliofuata. Inaeleweka: kazi iliyozungukwa na matusi unayojitukana mwenyewe, nani atataka kuikaribia?

Basi tulifanya nini na kijana? Nilimpa karatasi aandike sentensi moja: naogopa nini hasa? Akaandika hilo la "ulikuwa wapi". Hofu ikiwa na jina unaweza kuiandalia jibu. Kisha tukapanga kwa mtindo wa "ikifika hivi, nitafanya hivi", ambao mwanasaikolojia Peter Gollwitzer ameuchunguza kwa miaka mingi: nikimaliza chai ya asubuhi, kabla sijanyanyuka mezani, nitafungua faili na kusoma ukurasa mmoja. Kusoma tu. Kuandika hakukuwamo kwenye mpango, na siku ya tatu aliandika mwenyewe bila kuambiwa. Aya hiyo ilikuwa mbaya kwelikweli, nimeisoma. Nikamwambia aipeleke vilevile, maana wahenga walishasema mficha uchi hazai.

Nikianza kuona mtu halali usingizi, hataki kula, hafurahii tena vile alivyokuwa akivipenda, na hali hiyo imevuka wiki mbili, hapo siongei habari za ratiba. Inaweza kuwa sonona, na hiyo ni ya kupelekwa kituo cha afya. Kijana huyu hakuwa huko.

Ujumbe tuliuandika pamoja: "Shikamoo Daktari. Samahani kwa kukaa kimya muda mrefu. Sura ya pili haijakamilika, ila naomba nikuletee nilipofikia." Alikaa na simu mkononi karibu dakika kumi kabla ya kubonyeza. Jibu lilikuja siku ya pili: "Marahaba. Njoo Ijumaa saa nne, na zile hojaji."

Alisemwa, na swali lenyewe liliulizwa, neno kwa neno. Kama dakika tano hivi, aliniambia. Kisha msimamizi akavaa miwani na kuuliza kwa nini jedwali la kwanza lina safu mbili zenye jina moja.