[sic]: kunukuu kosa la mwingine bila kulibeba

Ukinukuu maandishi ya mtu huna ruhusa ya kuyarekebisha kimyakimya. Ukiliacha kosa lake lilivyo, msomaji atadhani umekosea wewe. Ndiyo kazi ya sic, neno la Kilatini lenye maana ya "hivyo": linaarifu kwamba kosa limo katika maandishi ya asili, nawe umelihamisha lilivyo.

Chukua kumbukumbu za mkutano wa kijiji: "Wakazi walipiga kula [sic] kwa amani." Kosa hili haliishangazi Uganda. Katika Kiganda, r huandikwa baada ya e na i, kwingineko huandikwa l, kwa hiyo aliyekulia katika maandishi hayo huona kura na kula kama neno moja.

Alama hukaa papo hapo baada ya neno lenye kosa. Ukiiweka mwisho wa sentensi ndefu, msomaji atabaki akitafuta kosa liko wapi. Kama neno lenyewe ndilo la mwisho, [sic] hutangulia nukta. Mabano yawe ya mraba, kwa sababu ya duara yanaweza kudhaniwa ni ya mwandishi wa asili. Neno huandikwa kwa herufi za mlazo, mabano yakibaki wima. Halina nukta, maana si kifupisho. Kosa likijirudia, tia alama mara ya kwanza tu.

Kwenye tarakimu, sic peke yake haitoshi. Msomaji akikuta "uhuru wa Uganda, 9 Oktoba 1926 [sic]" atajua kuna kasoro, lakini siku, mwezi au mwaka? Andika [sic, sahihi: 1962].

Kabla ya yote, rudi kwenye nakala ya asili. Mara nyingi kosa ni la aliyenakili, au kompyuta imejisahihishia neno yenyewe, na kumbandikia mtu kosa lisilo lake ni vibaya kuliko kuliacha.

Kuna pahali alama hii haifai kabisa. Majina ya zamani si makosa: mkataba wa 1900 uliohusu ufalme wa Buganda uliitwa Mkataba wa Uganda, na hapo panahitaji tanbihi. Herufi iliyodondoka unaweza kuirudisha ndani ya mabano: wananch[i].

Pagumu zaidi ni Kiswahili cha mazungumzo. Mlalamikaji akiandikisha taarifa polisi kwamba "vitu yangu yote iliibiwa", kila mtu ameelewa, na hivyo ndivyo watu wengi wa hapa wanavyosema. Ukimtilia [sic] tatu katika maneno manne umegeuza wizi kuwa somo la ngeli, na yeye umemfanya kichekesho. Tanguliza sentensi moja: "Maneno yamenukuliwa kama yalivyosemwa." Inatosha kwa taarifa nzima.

Wapo pia wanaoitumia kumkejeli mtu ambaye maoni yake hawayapendi. Hayo si matumizi yake. Pinga hoja kwa sentensi yako mwenyewe.

Na kifungu kikiwa kimejaa makosa kiasi kwamba alama zinazidi maneno, acha kunukuu. Ondoa alama za mtajo, eleza hoja kwa maneno yako, kisha taja ulikoitoa.