Shu haiwekwi pauda

Jumamosi dada mmoja wa Buruburu, Nairobi, kanitumia picha: shu za jibini kumi na mbili, vile vimandazi vya Kifaransa vyenye uwazi ndani wa kujazia mboga, zote bapa kama chapati. Chini yake, swali lilelile: "Shefu, niongeze pauda ya kuokea kiasi gani?" Mwezi huu ni mtu wa nne.

Hakuna pauda, dada yangu. Wala hamira. Shu huinuliwa na maji yaliyomo kwenye donge, yanayogeuka mvuke ndani ya oveni kali. Unga uliopikwa na mayai ndio mfuko unaoushika mvuke huo. Ukitia pauda, unapata vikeki vyenye vitundu vitundu, na mboga utaipachika wapi?

Vipimo ni vya kawaida: maji mililita 250, siagi gramu 100, unga wa ngano gramu 150, mayai manne hivi, jibini ya kukwaruza gramu 100. Maji, siagi na chumvi vikichemka, mwaga unga wote kwa mpigo mmoja, usonge.

Hapa ndipo wasonga ugali hodari hukosea. Ugali ukishikana, wanaepua. Shu ikishikana, kazi ndiyo inaanza: moto mdogo, dakika mbili tatu, mwiko usitulie, mpaka sufuria ibaki na utando mwembamba chini na donge lizunguke likiwa moja. Donge lililobaki na maji mengi hulegea kabla halijameza mayai ya kutosha, na bila mayai hakuna ukuta wa kusimama.

Lipoe mpaka kidole kivumilie. Ndipo mayai, moja moja. Na tafadhali, hiyo "manne" si amri! Mayai ya kienyeji ni madogo, ya dukani mengine ni makubwa ajabu. La mwisho lipige kwenye kikombe, utie kijiko kwa kijiko. Inua mwiko: donge likining'inia kama ulimi uliochongoka, acha hapohapo. Likichuruzika, umelizamisha, na unga mkavu hautaliokoa. Jibini iingie mwisho.

Wengine husingizia mwinuko wa Nairobi. Ni kweli, kwenye mita 1,795 hivi maji huchemka karibu nyuzi 94. Lakini shu zangu mbaya kuliko zote nilizichomea Mombasa, kando ya bahari, kwa haraka.

Oveni nyuzi 200, dakika 15, mlango usiguswe. Kisha 180, dakika 15 nyingine, hadi hata nyufa za ubavuni ziwe kahawia. Rangi ya juu hudanganya. Zitoboe ubavuni, uzirudishe kwenye oveni iliyozimwa, mlango ukiwa wazi kidogo. Nikiri: kuna siku nayafuata haya yote na mbili tatu bado zinalala. Nazila kabla wageni hawajafika.

Mboga? Spinachi ichovye kwenye maji moto, uikamue kwa kitambaa mpaka mkono uanze kuuma, ukaange na kitunguu na uyoga hadi karai liache kutoa maji. Kijiko cha krimu nzito, pilipili manga, basi. Jaza wageni wakiwa wamekaa. Ukijaza asubuhi, jioni unapakua sponji. Wafaransa waliziita shu, yaani kabichi, kwa umbo lake, lakini kabichi yenyewe sijawahi kuifurahia humo. Ina maji mno.

Zile bapa za Buruburu nilimwambia azirudishe kwenye oveni zikauke kau, azivunjie kwenye supu ya nyanya.