Anajua, lakini mkono unatangulia

Hapa Moshi nina kipimo kimoja kisichohitaji mashine. Namwambia mgonjwa: nikigonga meza mara moja, na wewe gonga mara moja, nikigonga mara mbili, usigonge kabisa. Kijana mmoja wa bodaboda, aliyeanguka bila helmeti miezi minane kabla, alinirudishia maelekezo hayo bila kukosea neno. Nikagonga mara mbili. Akagonga. "Hapo sikutakiwa," akasema mwenyewe. Nikarudia, akagonga tena, huku akiutazama mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine. Mama yake, aliyekaa pembeni, akajifuta machozi na ncha ya kitenge.

Alikuwa ameshanieleza. Mwanawe alikuwa mpole. Sasa anatukana wakubwa, anacheka msibani, na hela aliyoipata asubuhi haifiki jioni. Majirani wengine wanasema karogwa, wengine bangi. "Dokta, hospitali walinirudishia mtoto, lakini huyu si yule."

Mama huyu hakukosea. Ndani ya kichwa, usawa wa masikio, kila upande una kinundu kidogo chenye umbo la lozi, kiitwacho amigdala. Ndicho kinachokushtua: mtu akikukanyaga kwenye daladala, moyo unaenda mbio kabla hujajua ni nani. Kisha sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, inapima: ni bahati mbaya, ni mzee, nyamaza. Kwa kijana huyu mafuta yanaingia kama kawaida, ila waya wa breki umelegea.

Kwa nini mbele? Ubongo ni laini na umezungukwa na maji, lakini sakafu ya fuvu juu ya matundu ya macho ina matuta ya mfupa. Kichwa kikigonga lami kinasimama ghafla, ubongo bado unasogea, unakwaruzwa pale. Hata aliyeangukia kisogo anaweza kuumia mbele. Picha ya CT, yaani ya mionzi inayoonyesha ndani ya kichwa, wakati mwingine haionyeshi kitu, na kwa kuwa anatembea, anaongea na anakumbuka majina ya shangazi zake wote, watu wanahitimisha kwamba kapona, na kilichobaki ni tabia mbaya. Hukumu hiyo inaniuma kila ninapoisikia.

Wapo pia wanaoumia wakanyamaza. Baba mmoja wa Kibosho alimleta mwanawe kwa kosa la uvivu: anakaa barazani tangu asubuhi, ng'ombe wanalia njaa zizini, wala hana habari. Nikamuuliza, ukimwambia akakate majani? "Anaenda, tena anakata vizuri." Basi huo si uvivu. Mvivu ukimtuma anatafuta sababu. Huyu nguvu anazo na kazi anaijua. Kilichoumia ni kile kinachomwamsha mtu aanze bila kutumwa, nacho pia kiko huko mbele.

Kisa kinachotajwa sana katika fani yetu ni cha Phineas Gage, msimamizi wa ujenzi wa reli huko Vermont, Marekani. Tarehe 13 Septemba 1848 baruti ililipuka, na mtaimbo wenye urefu wa zaidi ya mita moja ukampenya shavuni ukatokea utosini. Alipona, lakini daktari wake, John Harlow, aliandika kwamba rafiki zake walimwona si Gage tena. Wengi wanaishia hapo. Mimi huwaeleza wazazi yaliyofuata: baadaye alikwenda Chile, akafanya kwa miaka kadhaa kazi ya kuendesha magari ya kukokotwa na farasi. Ni kazi yenye saa zake, njia yake na utaratibu uleule kila siku. Baadhi yetu tunaamini kwamba utaratibu huo ulimshika mkono pale ubongo ulipopungukiwa.

Ndiyo maana sikuwapa wazazi hawa dawa peke yake. Kwa mama nilishauri fedha zishikwe na dada mkubwa, kijana apewe za siku tu, na akianza kufoka wasibishane naye, wamwache atoke nje. Kwa baba tulipanga ratiba. Aliporudi mwezi uliofuata aliniambia ameiandika kwa chaki kwenye mlango wa zizi: saa moja majani, saa mbili maji, saa nne migomba. Kijana anaisoma, anaenda. Juzi alimaliza majani, akachukua ufagio akafagia zizi, na hilo halikuwa limeandikwa.