Uanagenzi pacha ni nini?

Neno "uanagenzi" halina taabu: mwanagenzi ni mtu anayejifunza kazi kwa kukaa na fundi. Gereji zetu zimejaa saidia fundi ambao mwaka mzima wa kwanza wanashika tochi na kupitisha spana. Kinachowachanganya watu ni hiyo "pacha". Mapacha wenyewe ni chuo na kiwanda. Kijana ni mmoja, anafundishwa na wote wawili katika kipindi kimoja: siku kadhaa za wiki yuko chuoni, zilizobaki yuko kiwandani chini ya fundi aliyekabidhiwa kumfundisha. Wengine hupanga kwa wiki, huku kisha kule.

Tusiuchanganye na kwenda fildi. Wa fildi ni mgeni. Anakuja, anaandika ripoti, anagongewa muhuri, anaondoka, na pengine hakuna aliyemruhusu kugusa mashine. Mwanagenzi ana mkataba na mwajiri, ana posho, na ana daftari ambalo fundi wake analisaini kila anapomaliza kazi aliyopangiwa.

Viwanda vya sasa ndivyo vinavyoufanya utaratibu huu kuwa wa lazima. Chukua kiwanda cha soda. Mkanda umesimama ghafla. Fundi wa zamani anaiwekea mota sikio, anapapasa beringi, anaagiza spana. Kumbe mota ni nzima. Kisensa cha kuhesabu chupa kimerukiwa na shira, hakioni kitu, na kompyuta inayoongoza mtambo imesimamisha kila kitu. Dawa yake ni kitambaa safi! Lakini kufika kwenye hicho kitambaa kunataka mtu anayejua umeme, umakanika na programu kwa pamoja. Wajerumani waliiona haja hiyo, na mwaka 1998 wakaifanya mekatroniki kuwa fani rasmi ya uanagenzi.

Sasa, chuo gani kitanunua mtambo mzima wa kujaza chupa ili wanafunzi wajifunzie kuufungua? Na kikiununua, baada ya miaka michache umepitwa. Mtambo uko kiwandani, basi mwanafunzi aufuate huko. Kiwandani nako hakuna mwenye nafasi ya kueleza kanuni ya Ohm, ile ya hesabu za umeme, huku malori yanasubiri mzigo nje. Hiyo ni kazi ya chuo.

Ujerumani ina sheria ya mafunzo haya tangu 1969. Fani nyingi huchukua miaka 2 hadi 3 na nusu, na jopo la mtihani lina wawakilishi wa waajiri, wa wafanyakazi na walimu, kwa hiyo bosi hampitishi kijana kwa kuwa tu anampenda. Tanzania, VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, iliuanzisha uanagenzi pacha kwa kushirikiana na chemba (jumuiya) ya mafundi ya Hamburg, jiji lenye udugu na Dar es Salaam tangu 2010.

Waajiri wana lalamiko lao: nimfundishe, kisha aende kwa jirani? Hofu hiyo ina ukweli, ila mimi hainishawishi sana. Waajiri wa Tanzania tayari wanalipa tozo ya kuendeleza ufundi stadi, yaani gharama ya kufundisha wanaichangia hata wasipompokea mwanagenzi; mwaka 2023 tozo hiyo ilishushwa kutoka asilimia 4 ya mishahara hadi 3.5. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni mwajiri anayempokea mwanagenzi, akampa ufagio, na mwisho wa mwezi akalisaini daftari lote kwa mkupuo.